Zawadi, sumu na ndoa: maisha yangu na neno "gift"

Wengi wetu tulikutana na neno gift katika Kiingereza cha shuleni, likiwa na maana moja tu, yaani zawadi, na kwa kuwa ni neno fupi na la furaha halikutusumbua tena. Ukivuka mipaka ya lugha, herufi hizohizo nne zinabeba mambo mengine kabisa. Katika Kijerumani, gift ni sumu. Katika Kiswidi, Kidenishi na Kinorwe ni sumu vilevile, lakini pia ndilo neno linaloandikwa kwenye fomu za serikali kumtaja mtu aliyeoa au aliyeolewa. Waholanzi nao wanalo, na kwao ni mchango unaotolewa kwa hisani, ilhali sumu wanaiita gif, bila t ya mwisho. Wataalamu wanaziweka lugha hizi zote, pamoja na Kiingereza, katika tawi moja la Kijerumaniki, na wanakubaliana kwamba neno ni lilelile, lililotokana na kitenzi cha kupa: Mwingereza anasema give, Mjerumani geben, Mholanzi geven, Mswidi ge. Sisi wenyewe tuna jambo linalofanana na hilo, kwani kutokana na kitenzi cha kupa tumepata kipaji na kipawa.

Nimeishi na neno hili Ujerumani nikiwa mwanafunzi wa uuguzi wa wazee, kisha Uholanzi, na sasa Uswidi, katika mji wa Malmö, ambako kazi yangu ni ukalimani kati ya Kiswidi na Kiswahili. Ninaandika kwa ajili ya vijana wetu wanaojiandaa kuja huku kusoma au kufanya kazi, ambao wengi wao huambiwa kwamba anayejua Kiingereza atazizoea lugha hizi upesi. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, na ukweli wake huo ndio unaomfanya mtu asahau kuwa mwangalifu.

Nilipoanza Kijerumani, Kiingereza changu cha sekondari kilinibeba sana. Wasser ilikuwa maji, Brot ilikuwa mkate, Hand na Finger hazikuhitaji hata maelezo, na kila wiki nilizidi kuamini kwamba neno likifanana na la Kiingereza basi maana yake ninaijua. Mwalimu wetu wa lugha, mama wa makamo aliyekuwa amewafundisha wauguzi wa kigeni kwa muda mrefu, alitugawia karatasi ya maneno yanayofanana lakini yasiyolingana, na juu kabisa aliweka Gift. Alituambia kwamba hakuliweka hapo kwa kuwa ni gumu, bali kwa sababu sisi tulikuwa tunakwenda kufanya kazi mahali penye dawa, vimiminika vya kusafishia na watu wasioweza kujilinda, na kwamba mahali pa namna hiyo neno hilo halipaswi kusomwa kwa Kiingereza hata mara moja.

Katika nyumba ya wazee niliyopangiwa, kaskazini mwa Ujerumani, kwenye mlango wa chumba cha dawa palibandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: Giftnotruf, yaani simu ya dharura ya sumu. Chini yake iliandikwa namba ya kituo cha Göttingen, ambacho kinahudumia majimbo manne ya kaskazini: Bremen, Hamburg, Niedersachsen na Schleswig-Holstein. Namba yenyewe huishia na 19240, na vituo vingine kadhaa vya sumu vya nchi hiyo hutumia tarakimu hizo hizo baada ya namba ya mji wao. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini nyumba ya wazee ihitaji simu ya sumu. Jibu ni kwamba mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau huweza kuiona chupa ya sabuni ya maji yenye rangi ya machungwa akadhani ni juisi, au akachuma majani ya ua lililo dirishani akayatafuna. Tulifundishwa kwamba aliyekunywa sabuni ya vyombo hatapishwi, kwa sababu povu linaweza kuingia katika mapafu. Kinachofanyika ni kupiga simu, kueleza amekunywa nini na kiasi gani, na mara nyingi kumpa dawa ya kuua povu. Muuguzi mkuu alitufanyisha mazoezi ya simu hiyo mpaka tukaweza kulitamka neno lenyewe na jina la bidhaa bila kubabaika.

Katika ghala la chini la jengo hilo kulikuwa na mkebe wa zamani wa sumu ya panya, wenye alama ya mraba wa rangi ya machungwa, fuvu jeusi na maneno Sehr giftig, sumu kali. Alama za aina hiyo zimeondolewa katika nchi za Umoja wa Ulaya, na tangu mwaka 2015 bidhaa mpya hubeba alama nyeupe yenye mpaka mwekundu, na kwa Kijerumani neno la onyo ni Gefahr, hatari. Kwa hiyo kijana anayekuja leo hatalikuta neno giftig kwenye chupa nyingi za dukani. Atalikuta kwenye vitu vya zamani vilivyosahauliwa katika maghala na mabanda ya bustani, ambavyo ndivyo vya kuogopwa zaidi, na atalikuta katika vinywa vya watu.

Katika nyumba hiyo nilifanya kazi na dada mmoja kutoka kwetu ambaye jina lake la ubatizo ni Gift. Jina hili ni la kawaida Afrika Mashariki, kama yalivyo Zawadi, Neema na Baraka, na yeye alipewa kwa sababu iliyo na uzito: wazazi wake walikuwa wamepoteza watoto kabla yake, na alipozaliwa akaishi, baba yake alisema huyu tumepewa. Katika nyumba nyingi za wazee za Ujerumani wauguzi wa kike bado huitwa Schwester, maana yake dada, likifuatiwa na jina la kwanza. Kwa utaratibu huo mwenzetu alipaswa kuvaa kifuani kibandiko kilichosomeka Schwester Gift, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kupita chumba kwa chumba akiwa na sinia la vidonge.

Ninataka nieleze kwa usahihi lililotokea, kwa sababu watu wakisikia habari hii hukimbilia kucheka, na kwake haikuwa jambo la kuchekesha. Mzee mmoja alikataa kupokea dawa zake. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na hofu za usiku na mchana, na mtu aliyevaa neno sumu kifuani alikuwa amemletea kikombe kidogo chenye vidonge. Dada yetu hakubishana naye. Alikiweka kikombe mezani, akaketi kwenye kiti cha wageni, akamwambia kwa Kijerumani chake cha wakati ule kwamba katika nchi yake jina hilo ni Geschenk, zawadi, na kwamba baba yake ndiye aliyelichagua. Mzee akamuuliza kama baba yake yu hai. Wakazungumza habari za baba, kwanza wa mmoja kisha wa mwingine, na vidonge vilichelewa lakini vilimezwa.

Uongozi ulimshauri atumie jina la ukoo kwenye kibandiko, na kwa maoni yangu ushauri huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa mgonjwa mwenye hofu naye ana haki zake. Yeye alikubali kwa upande wa kibandiko tu. Kwa wafanyakazi wenzake aliendelea kuwa Gift, na kila mfanyakazi mpya alipofika alimweleza maana kabla hajaulizwa, bila kuomba radhi. Nilijifunza kwake kwamba mtu anaweza kukubali kwamba neno lake lina maana nyingine mahali alipo, bila kukubali kwamba maana yake yeye imefutika.

Katika nyumba hiyohiyo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba maana hizi hazikupotezana kwa bahati mbaya. Bibi mmoja niliyemtandikia kitanda kila siku alikuwa na mashuka ya kitani mazito, yaliyotariziwa herufi mbili za jina lake la usichana kwenye pembe. Hakutaka mashuka ya nyumba, alitaka yake, na siku moja akaniambia kwamba yalikuwa sehemu ya Mitgift yake. Nilishtuka kulisikia neno sumu ndani ya habari za harusi, naye akanieleza kwamba Mitgift ni mali ambayo binti alitoka nayo kwao alipoolewa, na akanisahihishia neno dogo linalotangulia nomino kuonyesha jinsia yake: sumu ni das Gift, lakini hii ni die Mitgift. Kijerumani cha zamani kilikuwa na die Gift kwa maana ya kitu kilichotolewa, na maana hiyo imebaki imehifadhiwa ndani ya neno hilo la ndoa peke yake. Nilimwambia bibi kwamba kwetu mali huenda upande mwingine, kutoka kwa bwana harusi kwenda kwa bibi harusi au kwa wazazi wake, na huitwa mahari, ingawa binti naye huondoka na vyombo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba katika Kiingereza cha kale neno gift lilikuwa na maana hiyo ya mahari, yaani mali iliyotolewa ili kuoa, na kwa wingi wake lilimaanisha harusi yenyewe. Maana ya zawadi ya kila siku, pamoja na g ngumu tunayoitamka leo, ilitokana na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza zama za Waviking. Bibi yule alikuwa ameshafariki nilipoyasoma hayo, nami nilitamani kumsimulia.

Swali ambalo kila mtu huniuliza ni jinsi gani zawadi iligeuka sumu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi yanaanzia kwa Wagiriki, ambao waliliita dosis tendo la kutoa na pia kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa. Kilatini kililichukua neno hilo, na waliokuwa wakitafsiri habari za tiba kwa Kijerumani cha zamani wakalifuata wazo lenyewe: kilichotolewa, kilichopewa mtu anywe. Kutoka hapo neno likaelemea upande wa kitu kibaya, kwa sababu watu hawapendi kuitaja sumu kwa jina lake. Sisi hatuna sababu ya kushangaa. Dosis hiyohiyo imefika kwetu kwa njia ya Kiingereza ikawa dozi, na mgonjwa wa malaria huhimizwa amalize dozi bila mtu kukumbuka kwamba mwanzo wake ni kutoa. Tena sisi tunasema dawa ya panya, dawa ya mende na dawa ya magugu, tukimaanisha sumu tupu, na mtu akifa ghafla baada ya karamu, majirani hunong'ona kwamba alipewa kitu, na hakuna anayehitaji kuuliza ni kitu gani. Mwaka 1538 tabibu Paracelsus aliandika kwa Kijerumani kwamba vitu vyote ni sumu, na kwamba ni dozi peke yake inayofanya kitu kisiwe sumu. Katika sentensi yake Gift na Dosis zimekaa pamoja, mawili yaliyotokana na wazo moja la kutoa, na kila mwanafunzi wa uuguzi nchini humo huisikia mapema.

Uholanzi nilikaa muda mfupi zaidi, na neno lenyewe huko halina hatari kubwa. Kinachomsaidia Mswahili ni sauti, kwa kuwa g ya Kiholanzi hutoka kooni, karibu na kh ya kheri na gh ya ghafla, na mtu aliyelelewa pwani huipata siku ya kwanza ilhali Mwingereza huhangaika nayo kwa miaka. Gift ni mchango, na neno hili hutumika sana wakati wa kutoa hesabu za kodi, kwa sababu michango kwa taasisi zinazotambuliwa na serikali kuwa za manufaa ya umma, zinazoitwa kwa ufupi ANBI, huweza kupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi. Katika kanisa nililosali, Watanzania na Wakongo walikuwa wakichangia kisima na ada za wanafunzi nyumbani, na mhasibu wetu alitukumbusha kila mara kwamba fedha anayomtumia mtu shangazi yake ni upendo lakini haihesabiki kuwa gift mbele ya mtoza kodi. Hata hivyo neno giftig, lenye t, kwa Kiholanzi ni lenye sumu. T iliyoanguka katika jina imebaki katika sifa. Na kitambulisho chako kitakuwa na datum van afgifte, tarehe ya kutolewa, neno ambalo nimewaona wageni waliotoka Ujerumani wakilikodolea macho.

Uswidi ndiko neno lilikonishughulisha zaidi, na ndiko ninakolitafsiri karibu kila wiki. Hapa hutamkwa jift, kama kwamba linaanza kwa y ya Kiswahili. Mswidi anapomuuliza mteja wangu "Är du gift?" anauliza kama ana ndoa, na ugumu wangu wa kwanza ni kwamba Kiswahili hakiniruhusu kutafsiri bila kujua ni mwanamume au ni mwanamke. Umeoa ni swali moja na umeolewa ni jingine. Nikifanya kazi kwa simu, kabla sijaisikia sauti ya mteja, husema "Je, una ndoa?", na sentensi hiyo imeniokoa mara nyingi. Kihistoria Kiswidi nacho kilitofautisha. Kitenzi gifta kilikuwa na maana ya kumtoa binti aolewe, na aliyekuwa gift ni yule aliyetolewa. Sheria kuu ya mwaka 1734 ilimtambua giftoman, baba au ndugu mwenye mamlaka ya kumwoza mwanamke, na mwanamke ambaye hajawahi kuolewa alihitaji idhini yake. Ninapowaeleza wenzetu wa pwani habari za giftoman hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa wanamjua walii wa bibi harusi. Cheo hicho kimekwisha katika sheria ya Uswidi, na leo mume ni gift sawasawa na mkewe, lakini neno bado linakumbuka nani alikuwa akitoa na nani alikuwa akitolewa.

Mkalimani hufungwa na kiapo cha kutunza siri, kwa hiyo habari ninayoitoa hapa nimeiondolea kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Familia ya Kikongo ilikuwa imekuja kutoka makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ambako watoto walisoma kwa Kiingereza. Mama hakusoma sana, na kijana wake mkubwa ndiye aliyekuwa akimjazia fomu jioni mezani. Walipofika kwenye kipengele cha hali ya ndoa, kijana alikuta visanduku: gift, ogift, skild, na vya wajane. Neno pekee alilolijua lilikuwa la kwanza, na alilijua kwa Kiingereza. Akamwambia mama yake kwamba wanauliza kama wamepokea zawadi. Mama akajibu kwamba hawajapewa kitu chochote, aandike ukweli, na kijana, akiona ogift inaonekana kama kinyume cha gift, akaweka alama hapo. Ogift maana yake hajaolewa. Mumewe alikuwa bado Uganda, akisubiri ruhusa ya kuungana nao.

Mimi niliitwa kwa mazungumzo ya baadaye, wakati afisa alipouliza ni kwa nini mama anamtaja mume katika karatasi moja na kujitaja kuwa hana ndoa katika nyingine. Nilitafsiri swali kama lilivyoulizwa. Niliuona uso wa mama ukibadilika, kwa sababu kwa mwanamke wa heshima swali hilo lilisikika kama tuhuma. Kijana, ambaye alikuwa ameketi pembeni, ndiye aliyeelewa kilichotokea, akaomba kuiona fomu na akaweka kidole kwenye neno lenyewe. Afisa alisikiliza, akalirekebisha, na jambo likaishia hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasihi wazazi wasiwaachie watoto fomu, hata kama mtoto ni hodari wa Kiingereza, na ninawasihi zaidi pale anapokuwa hodari, kwa sababu mtoto asiyejua Kiingereza angeliuliza.

Neno halikomei kwenye kisanduku hicho. Barua ya kliniki inataja avgift, ambayo ni ada. Bajeti ya nyumbani ina utgift, matumizi. Mwalimu wa watoto anatoa uppgift, kazi ya kufanya, na ofisi inaomba uppgifter, taarifa. Yote haya yamejengwa juu ya kutoa, na Mjerumani huyajenga vilevile kwa Gabe badala ya Gift: Abgabe, Ausgabe, Aufgabe. Nilipoliona hilo, Kiswidi changu kilipata kasi, kwani niliacha kulitazama gift kama neno na nikaanza kulitazama kama kishina kinachotegemea kilichotangulia mbele yake. Penye kesi za talaka kuna giftorätt, haki ya kila mwanandoa katika mali ya mwenzake. Kwa sheria ya ndoa ya mwaka 1987, mali isiyowekwa kando kwa mkataba, wosia au masharti ya mtoaji huhesabiwa katika mgawanyo baada ya madeni kuondolewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameishi Ujerumani kabla ya kuja hapa alilisoma neno hilo katika barua akaniuliza kwa sauti ya chini kama anatuhumiwa kwa sumu. Nilimweleza kwamba ni haki yake, tena ni haki kubwa, na tukarudi mwanzo wa barua kuisoma upya.

Na sumu ipo vilevile, katika lugha hiyohiyo. Kituo cha taarifa za sumu, Giftinformationscentralen, kipo Stockholm. Kwa dharura mtu hupiga 112 na kuomba taarifa za sumu. Wadenishi, ng'ambo ya daraja kutoka Malmö, wana Giftlinjen katika hospitali ya Bispebjerg mjini Copenhagen, nao hulitamka gift kwa g ngumu, karibu zaidi na Kiingereza kuliko jirani zao. Wazazi wapya ninaowatafsiria kliniki huandikiwa namba hizi, na mimi huhakikisha, kwa ruhusa ya muuguzi, kwamba wameelewa kuwa hiki si kituo cha mambo ya ndoa. Waswidi wenyewe hawachanganyikiwi hata kidogo, kwa kuwa masikio yao yanasikia sentensi nzima. Mgeni husikia neno moja alilolitambua na kuliacha lingine lote lipite.

Kwa hiyo nikifundisha wanaoanza, sikubali waandike neno peke yake katika daftari. Kwa Kijerumani ni lazima liandikwe na das au die yake, kwa Kiswidi na sentensi yake, na maana iandikwe kwa Kiswahili moja kwa moja, wala si kwa Kiingereza. Sharti hili la mwisho wengi hulipinga, kwa sababu Kiingereza kinaonekana kuwa karibu zaidi. Mimi ninaamini kwamba Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu hakina udugu na lugha hizi: sumu, zawadi, ndoa, mchango na mahari ni maneno matano yasiyofanana kwa sauti, na ukishaliunganisha gift na mojawapo katika lugha fulani, hakuna mwangwi wa kukupotosha.

Si muda mrefu uliopita wazazi vijana, mama Mkenya na baba Mkongo, waliniuliza baada ya kikao kliniki kama wanaweza kumwita binti yao mchanga Gift, jina la marehemu nyanya yake. Nikiwa mkalimani sikupaswa kuwashauri, kwa hiyo tuliirudisha kwa muuguzi, naye akawaeleza kwamba jina linatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi mitatu tangu kuzaliwa, na kwamba sheria ya majina inakataa jina linaloweza kumletea mtoto adha, uamuzi ukiwa ni wa mamlaka ya kodi, ambayo ndiyo inayoandikisha wakazi. Hakusema jina hili litakataliwa wala litakubaliwa. Waliponifuata nje kama ndugu, niliwaomba subira, nikampigia simu yule dada tuliyefanya naye kazi Ujerumani. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kama angezaliwa huku angependa baba yake amwite Zawadi, lakini jina alilopewa hatalibadilisha, na kwamba wazazi hao waambiwe yote mawili. Niliwaambia yote mawili.